Ng'ombe wa Mkasi

"Dakika ya tatu, sekunde ya kumi na mbili. Huyo mama anayesema 'usimwambie mtoto' ni nani?"

Hapo ndipo tulipomwacha Sindano wiki iliyopita. Simu mkononi, mdomo wazi, mguu umeganda juu ya pedali, na sketi ya shule nusu imeshonwa, nusu inasubiri hukumu.

Kwa aliyeingia leo, sogea, nafasi ipo. Sindano ni fundi cherehani wa miaka ishirini na sita. Kazini kwa Bimkubwa anashona sare za shule. Akirudi nyumbani anatengeneza midundo ya kudansi kwenye kompyuta kuukuu iliyong'oka herufi M. Midundo hiyo anaituma kwenye kundi la simu la watu arobaini wenye ugonjwa kama wake.

Kundi lina sheria moja. Hutumi wimbo wako kabla hujasikiliza nyimbo mbili za wenzako na kuzisema ukweli, na ukizisema, taja dakika na sekunde. Sifa bila sekunde ni porojo. Wote wanaifuata, ila mmoja aliyeingia wiki tatu zilizopita, hana picha, hajatia hata neno. Wamembatiza Kimya na kumsahau.

Mwenye kundi anaitwa Mkasi. Uso wake hakuna anayeujua. Husema kwa ujumbe wa sauti tu, sauti aliyoishusha kwa mitambo mpaka imekuwa kama ya jitu la pangoni, na hukumu zake ni mbili: "imeiva" au "bado". Leo Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, anachagua wimbo mmoja. Mwenye wimbo huo ataupiga Jumamosi ukumbini, na Jumapili atapanda gari la watu wa ukumbi. Miji saba, miezi mitatu.

Sindano ameshaambiwa "bado" mara tisa. Huu ulikuwa wimbo wa kumi.

Na sasa ilikuwa saa kumi na dakika tano, na kwenye wimbo wa kumi kulikuwa na mama asiyealikwa.

"We Sindano!" Bimkubwa alipiga meza kwa rula. "Sketi inajishona?"

"Uzi umekatika, Bimkubwa."

"Uzi au akili?"

Sindano alikwishachomeka spika za masikioni. Alisogeza wimbo mpaka dakika ya tatu. Cherehani ikakimbia, besi ikashuka, na chini kabisa, kama mtu anayeongea chini ya kitanda, sauti ikaja vipande vipande kwa kila pigo.

Usi. Mwa. Mbie. Mto. To.

Alivua spika. Akazivaa tena.

Alikuwa mama yake mzazi.

Mara akakumbuka. Jumanne aliweka maiki mezani kurekodi cherehani ya mama. Uzi ukaisha, akatoka mara moja kununua, maiki akaiacha inarekodi. Mama akaacha kushona akapiga simu. Na Sindano, kwa haraka ya kutuma, akaupunguza sauti ule mstari wa maiki badala ya kuuzima. Watengeneza midundo wote wamewahi kulifanya kosa hilo. Mmoja kundini aliwahi kutuma wimbo wenye mkewe anauliza nani kamaliza sukari.

Simu ilitetemeka. Maoni yalikuwa yanamiminika.

"3:12, hapo ndipo wimbo unaamka!"

"3:12, nimecheza kwenye foleni ya benki. Mlinzi ananiangalia."

"3:14, hiyo 'mto-to' inakaa juu ya besi kama kofia. Usiiguse!"

Miezi kumi na moja Sindano amelilia maoni ya namna hii. Leo yamekuja, na kila moja lilikuwa linamchoma kama pini iliyosahaulika kwenye kola.

Usimwambie mtoto nini?

Nitakwambia alichowaza. Jumatatu mama alikwenda hospitali ya macho, akasindikizwa na mjomba. Aliporudi akaulizwa, akajibu, "Kawaida tu." Na macho ya mama yalikuwa yamechoka kweli. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Sindano humtilia uzi sindano kumi na kuzichomeka kwenye mto mdogo, ili mama ashone vifungo mchana kutwa. Ujumbe wa simu pia yeye ndiye anayemsomea.

Mama anapofuka, Sindano alijiambia. Mama anapofuka, na mimi nimempigia besi juu yake.

Alimpigia Lifti.

Lifti ndiye aliyeuliza lile swali la mwanzo. Ni mwanamke, fundi wa lifti za maghorofa, ana masikio ya popo. Kamba ikianza kuchoka ghorofa ya nane, yeye anaisikia akiwa mlangoni.

"Lifti, ile sauti ni mama yangu."

"Nilijua tu! Mna lafudhi moja ya kugomba."

"Usitanie. Nataka kusikia na yaliyobaki. Unaweza kuichuja?"

"Nimeshaichuja," Lifti alisema. Sauti yake haikuwa na utani tena. "Nilishindwa kujizuia. Mwenzangu, kaa kwanza."

"Nimekaa. Kazi yangu yote ni ya kukaa."

"Basi shika meza."

Ujumbe ukaingia. Besi imetolewa, cherehani imetolewa, amebaki mama peke yake, anaongea na simu iliyo kwenye spika kama kawaida yake. Mama huamini kwamba simu bila spika ni kunong'ona.

"Usimwambie mtoto. Mwambie bado. Akijua imeiva, ataondoka."

Upande wa pili mwanamume akajibu kitu kisichosikika. Nyuma yake kitu kikalia, kwiiii.

Sindano akarudia. Akarudia tena.

"Lifti, hapo hakuna hospitali."

"Hakuna."

"Labda anaongea habari za parachichi?"

"Parachichi likiiva nani anaondoka?" Lifti alishusha pumzi. "Sindano, 'bado' na 'imeiva' ni maneno ya nani?"

Jibu lilikuwa linajulikana na watu arobaini.

"Mama yangu hamjui Mkasi! Mama yangu hajui hata kuzima tochi ya simu yake!"

"Mimi sijasema kitu. Nimeuliza tu."

Kabla hajajibu, kundi likalia. Ujumbe wa sauti. Mkasi mwenyewe.

"Sindano," lile jitu lilinguruma. "Toa sauti ya dakika ya tatu. Itoe sasa hivi. Na hata ukiitoa, bado."

Na nyuma ya jitu, kama siku zote, ng'ombe akalia. Ng'oooo.

Ng'ombe wa Mkasi ni maarufu kundini. Tangu kundi lianze, kila ujumbe wake una ng'ombe. Wengine wanasema Mkasi ni mfugaji. Wengine wanasema anaishi karibu na machinjio, ndiyo maana hana huruma.

"Mkasi, mpe ng'ombe majani kwanza ndipo uhukumu!" mmoja aliandika.

"Itolewe kwa nini?" mwingine akauliza. "Taja sababu! Sheria ni yako!"

Mkasi hakujibu. Mtu ambaye huchambua nusu sekunde kwa dakika tano, leo hakuwa na sababu.

Sindano akasimama. Kiti kikaanguka.

"Lifti, chukua ujumbe wa Mkasi, upandishe."

"Niupandishe mpaka wapi?"

"Mpaka awe mtu."

"Kupandisha ndiyo kazi yangu," Lifti alisema, na simu ikakatika.

Ndugu msomaji, hapa ndipo Mkasi alipokosea, na alikosea tangu kundi lianze. Ukiishusha sauti yako, unashusha na kila kilichomo chumbani. Feni inashuka, mlango unashuka, kikohozi cha jirani kinashuka. Na anayejua kushusha anajua pia kurudisha juu.

Dakika nne baadaye ujumbe ukarudi. Sindano akaubonyeza.

"Sindano, toa sauti ya dakika ya tatu," ilisema sauti ya mwanamume wa makamo, laini, yenye mafua kidogo.

Nyuma yake: kwiiii.

Yule ng'ombe alikuwa kiti. Kiti cha kuzunguka, cha chuma, chenye skrubu iliyokufa tangu Sindano akiwa na miaka sita. Alikuwa anakaa chini yake kuokota vishungi vya nywele na kuvitengenezea wanasesere masharubu. Angeweza kukitambua kiti kile katika viti elfu moja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema kwa sauti.

"Nguo zipi tena?" Bimkubwa aliruka. "Kuna kunguni kwenye sare?"

"Bimkubwa, naomba ruhusa."

"Kwenda wapi?"

"Kwa kinyozi."

Bimkubwa akamtazama kichwani. "Na hizo ulizosuka juzi? Mtoto wewe, leo umerogwa na nani?"

"Na mjomba," alijibu, na akawa ameshatoka.

Mitaa mitatu aliikata kwa dakika saba. Alipita duka la viatu, akampita mtu anayechimba mtaro katikati ya njia ya miguu, akauruka mtaro, akarudi kuomba radhi, akauruka tena. Kichwani neno moja lilikuwa linapiga kama mdundo usiozimika. Bado, bado, bado, bado.

Mlango wa kinyozi ulikuwa wazi. Mjomba alikuwa ameinama juu ya mteja, nusu ya kidevu imenyolewa, nusu imejaa povu. Simu yake ilikuwa juu ya rafu, kati ya poda na spiriti. Ilikuwa inatetemeka bila kukoma. Watu thelathini na tisa walikuwa wanadai sababu.

"Shikamoo, mjomba," Sindano alisema. Hasira ni hasira, lakini salamu ni salamu.

"Marahaba, mama! Mbona unahema? Nyumbani kwema?"

"Kwema. Naomba ukizungushe hicho kiti."

Wembe ukasimama hewani.

"Kiti kipi?"

"Mjomba, kizungushe."

"Kina mtu, mama."

"Mimi sina haraka," alisema mteja kutoka ndani ya povu. "Nizungushe tu."

Sindano akashika mgongo wa kiti, akakivuta mwenyewe.

Kwiiii.

"Habari yako, Mkasi," alisema.

Mjomba akaweka wembe chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa na polisi. Akafuta mikono. Ikawa mikavu, akaendelea kuifuta.

"Nani kakwambia?"

"Ng'ombe."

Mteja akacheka, povu likaruka kwenye kioo. "Samahani," alisema. "Endeleeni."

"Mjomba, tangu lini unatengeneza midundo?"

"Miaka mingi. Nisikilize. Nina miaka hamsini na mbili. Wateja wangu wakijua kinyozi wao anakaa anapiga *du-chi-du-chi* kama kijana wa miaka kumi na tisa, watanipa shingo zao kweli? Ndiyo maana niliishusha sauti. Haikuwa kwa ajili yako. Hukuwepo bado."

"Na nilipokuja?"

Mjomba akakaa kwenye benchi la kusubiria.

"Ulipotuma wimbo wa kwanza nikasikia cherehani. Ile ile iliyonishonea suruali ya kwanza ya shule. Nikajua ni wewe. Mama, nilifurahi, nikakosa akili. Nikampigia dada siku ile ile. Nikamwambia, 'Dada, mtoto wako ana kipaji, huyu atafika mbali.'"

"Na mama?"

"Wewe unamjua mama yako. Katika yote niliyosema alisikia neno moja tu: mbali."

Sindano hakuhitaji kuelezwa. Miaka sita iliyopita kaka yake aliondoka na watu wa muziki kubeba spika. Miezi mitatu, alisema. Begi moja dogo. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili, wa pili kila sikukuu. Baada ya hapo namba ikawa haipatikani. Mama bado anaiweka chaji ile simu ya zamani ambayo kaka alikuwa anaipigia.

"Dada yangu alinibeba mgongoni yule," mjomba alisema. "Dada akisema 'mwambie bado', mimi nitamwambiaje hapana?"

"Miezi kumi na moja, mjomba! Tisa! Nimefuta nyimbo nyingine kwa neno lako! Kila nikiambiwa bado nilikuwa nalala kifudifudi!"

"Najua."

"Hujui!" Machozi yalikuwa yanakuja, na aliyachukia. Akatembea mpaka mlangoni, akarudi, akatembea tena. "Haya, niambie ukweli leo. Zile tisa. Ngapi zilikuwa zimeiva?"

Mjomba akahesabu kwa vidole.

"Saba."

Mteja akashika povu lake lisidondoke.

Saba! Sindano akafungua mdomo kulia, au kupiga kelele, au kuvunja kile kioo. Kikatoka kitu kingine kabisa.

"Na zile mbili je?"

"Mbili zilikuwa mbichi kweli."

"Zipi?"

"Ule wa nne. Besi imevimba kuanzia dakika ya kwanza na sekunde ishirini. Na wa sita, utangulizi mrefu, mtu anaweza kunyolewa akamaliza haujaanza."

"Wa sita nilijua," Sindano alisema huku akifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Lakini wa nne nakataa."

"Nenda kausikilize tena."

"Nitausikiliza!"

Mteja akageuza shingo. "Nyinyi ni ndugu wa damu," alisema. "Hakuna ubishi."

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini na nane. Sindano akachukua simu kwenye rafu, akampa mjomba.

"Andika imeiva."

Mjomba akaipokea. Hakuandika.

"Mama, nikikuongopea leo tena, basi mimi si mtu. Wimbo huu bila sauti ya mama yako ni mashine tu inashona. Nimeusikiliza mara kumi na nane. Yeye ndiye anayeutia damu. Ukiitoa ile sauti, nitasema bado, na safari hii itakuwa kweli. Ukiiacha, imeiva kuliko wimbo wowote uliowahi kuletwa. Lakini hapo watu ukumbini watacheza juu ya siri ya dada yangu. Hiyo ruhusa sina mimi, wala wewe huna."

Loo! Umeona alivyobanwa? Sauti ikitoka, wimbo unakufa. Sauti ikibaki, mama anaanikwa. Na saa haina mjomba.

"Kumi na mbili kamili nafunga orodha," mjomba alisema. "Hata kwa mpwa wangu sitaongeza dakika."

"Sijakuomba uongeze," alijibu, akaanza kukimbia.

Nyuma yake alimsikia mteja akisema, "Bwana Mkasi, na hiki kidevu kingine kimeiva au bado?"

Nyumbani alifika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na tano. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, shati la mtu mapajani, kopo la vifungo miguuni. Kwenye mto mdogo zilibaki sindano mbili zenye uzi.

"Umerudi mapema. Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa. Mama, nataka usikilize kitu."

"Hayo makelele yako? Kichwa changu leo..."

"Dakika nne tu. Tafadhali."

Akafungua kompyuta, akaweka spika mezani, akabonyeza. Hakusema neno jingine.

Cherehani ikaanza. Mama akainua kichwa.

"Hiyo si yangu hiyo?"

"Ni yako."

"Mbona inakwenda mbio? Itavunja sindano."

Lakini mguu wake ulikuwa umeshaanza. Chini ya kanga kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka, kama vile pedali iko pale. Dakika ya kwanza. Ya pili. Besi ikaingia, vifungo vikalia koponi. Mama akatabasamu kidogo, akajizuia.

Dakika ya tatu.

Usi. Mwa. Mbie. Mto. To.

Kisigino kikasimama.

Wimbo ukaisha, ikabaki feni inazunguka. Mama aliangalia lile shati mapajani kana kwamba limeandikwa jibu.

"Nani mwingine amesikia?"

"Watu arobaini."

"Mungu wangu. Na yule mdogo wangu mpumbavu anajua kwamba unajua?"

"Nimetoka kwake."

"Umempiga?"

"Nimemwamkia."

Mama akacheka ghafla, kicheko kikakatika katikati. Akaziba mdomo kwa shati la watu.

"Kaka yako alisema miezi mitatu," alisema. "Nilimkunjia nguo mimi mwenyewe. Nikamwambia nenda, mwanangu, ukaone dunia. Mdomo wangu huu huu ndio uliomruhusu. Nikasema wa pili simruhusu. Ningekukataza ungegoma, nakujua. Nikaona wakikuambia hujui, utakaa mwenyewe."

"Nimekaa, mama. Nimekaa nikijiona sifai."

Saa kumi na mbili kasoro dakika saba.

"Sitakutangaza," Sindano alisema. "Ukisema niitoe, naitoa. Nitabaki. Na hata hivyo sindano zako nani atazitia uzi? Daktari kasema nini Jumatatu? Niambie ukweli, leo ni siku ya ukweli."

Mama akainama, akavuta kopo la vifungo, akazamisha mkono mpaka chini. Vifungo vikamwagika. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha bitana.

Miwani.

"Nimepewa tangu mwaka jana," alisema bila kumwangalia. "Jumatatu nilikwenda kukaziwa mguu wake mmoja tu."

"Mwaka jana? Mama! Kila asubuhi natia uzi sindano kumi!"

"Najua. Huwa nazishonea zote, zinaniishia saa nne. Baada ya hapo natia uzi mwenyewe. Nikisikia unakuja narudisha miwani koponi na kubakiza mbili." Akatazama ule mto. "Nilipenda ulivyokuwa unakaa hapo asubuhi, ulimi nje, unatafuta tundu. Ndiyo hivyo tu. Sina kesi nyingine ya kujitetea."

Sindano alitaka kukasirika tena, hasira zikawa zimeisha. Mtu hupewa kiasi cha siku moja.

Mama akavaa miwani. Akachukua sindano tupu, akakata uzi kwa meno, akaupitisha tunduni mara moja, bila kutafuta. Akaichomeka kwenye mto, akausukuma mto upande wa Sindano.

"Iache hiyo sauti," alisema. "Ila waambie sikuwa naimba. Nilikuwa nagombana na mdogo wangu."

Saa kumi na mbili kasoro dakika nne. Sindano aliandika: "Wimbo unabaki kama ulivyo. Mama ameruhusu. Anasema hakuwa anaimba."

Dakika tatu. Mbili.

"Mbona hajibu?" mama alisema. "Nimpigie nimtukane?"

"Mama, subiri."

"Siku zote nimesubiri, umeona faida?"

Simu ikalia. Ujumbe wa sauti. Mama akainyakua simu mkononi mwa bintiye, akaubonyeza, akauweka kwenye spika kama ilivyo dini yake.

Safari hii hapakuwa na jitu. Ilikuwa sauti laini ya mwanamume wa makamo, mwenye mafua kidogo.

"Mimi ni Mkasi. Ni kinyozi. Nyimbo saba za Sindano niliwadanganya nazo, nitawaomba radhi moja moja, kwa dakika na sekunde. Wa leo hauhitaji maelezo." Kwiiii, kiti kikalia. "Imeiva."

Kundi likalipuka. Lifti aliandika kwa herufi kubwa tupu. Mtu akauliza ng'ombe kaenda wapi. Sindano akamkumbatia mama, shati, vifungo na yote, na kwa mara ya kwanza siku ile akatulia. Akahesabu kichwani. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Begi gani? Nguo zipi?

Simu ikalia tena mkononi mwa mama.

"Lete nikusomee," Sindano alisema kwa mazoea.

"Nina miwani."

Mama akaisogeza karibu, kidole kikifuata maneno kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Huyu anaitwa Kimya," alisema. "Jina gani hilo?"

"Kimya? Yule hajawahi kuandika hata neno. Anasemaje?"

"'Dakika ya tatu, sekunde ya kumi na mbili,'" mama akasoma.

Kidole kikasimama. Midomo ikaendelea kwenda bila sauti. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena, akaanza upya, na sasa sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"'Huyo ni mama yangu.'"

Sindano akaruka kuichukua simu. Mama akaigeuza upande, akaishika kwa mikono miwili. Kulikuwa na mstari mmoja umebaki, na safari hii hakuhitaji mtu wa kumsomea.

"'Mdogo wangu,'" alisoma, "'gari la Jumapili usilipande.'"